Nani Huzima Televisheni Nyumbani Kwenu?



Usiku mmoja wa Jumamosi, majira ya mvua, tulimpokea wodini mtoto wa kike wa miaka minne. Aliletwa kwa pikipiki kutoka kijiji kimoja nje ya mji wa Bariadi, amefunikwa kwa kitenge cha mama yake. Mwili ulikuwa wa moto, macho yamegeuka, na degedege lilikuwa limemkamata mara mbili njiani. Tulimpima damu, tukakuta malaria kali. Alichomwa sindano ya malaria, akawekewa dripu ya sukari, na kulipokucha alifumbua macho akaomba uji. Tulimshukuru Mungu, maana wengine wanaofika katika hali ile hawaombi uji.

Asubuhi tulikaa na mama yake kwenye benchi la nje ili tujue ugonjwa ulipitia wapi.

"Mwangaluka, mayu. Huyu mtoto analala ndani ya chandarua?"

"Chandarua kipo, nesi. Nilipewa kliniki nilipokuwa mjamzito wa mdogo wake. Kimefungwa juu ya kitanda."

"Na yeye analala kitandani?"

Aliinamisha uso. "Analala kwanza mkekani, sebuleni, pamoja na kaka zake, mbele ya televisheni. Picha ikiisha ndipo baba yake anambeba."

"Picha inaisha saa ngapi?"

"Siku hizi haiishi, nesi."

Ndugu wasomaji, jibu hilo limekaa nasi tangu siku ile. Tumefundisha habari za chandarua kwa miaka mingi: jinsi ya kukifunga, jinsi ya kukichomekea chini ya godoro, jinsi ya kukishona kikitoboka. Lakini hatukuwahi kuuliza picha inaisha saa ngapi. Mwezi huu tunataka kuliuliza swali hilo mbele ya familia zote za parokia zetu, na tutasema wazi maoni yetu.

TULIKOTOKA

Kwanza tusieleweke vibaya. Sisi si maadui wa televisheni. Tulipoanza kazi ya uuguzi katikati ya miaka ya 1990, televisheni ilikuwa kitu kipya kabisa Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, na yenye rangi, lakini huku Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Katika vijiji vyetu vya pamba, mtu aliyetaka kuona picha alilipa kiingilio kwenye kibanda cha video, akaketi juu ya gogo, jenereta ikinguruma nje. Filamu za kigeni zilisemwa kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, na wengi wetu tunaikumbuka sauti ya Lufufu, aliyetufasiria mapigano ya Wachina hata ukadhani ni majirani zetu wa hapa hapa.

Baadaye zikaja deki, kwanza za mikanda, kisha za CD. Bei ya pamba ilipokuwa nzuri, baba alirudi kutoka mjini na deki juu ya baiskeli, na jioni hiyo mji mzima ulijaa watoto wa jirani. Tuliangalia kwaya, tuliangalia harusi za ndugu, na tuliangalia filamu za Kitanzania. Marehemu Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki Aprili 2012, alijulikana katika nyumba nyingi ambazo hazikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Deki ndiyo iliyomleta.

Mwaka huohuo wa 2012 mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa. Tarehe 31 Desemba mwaka huo mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Hapo ndipo neno king'amuzi lilipoingia katika kila nyumba yenye televisheni. Umeme wa gridi na umeme wa jua navyo vikasogea vijijini. Sasa, katika miaka hii ya karibuni, kimefika kisanduku kingine, ambacho vijana wa mjini hukiita TV box. Kina ukubwa wa kiganja tu. Unakiunganisha na televisheni kwa waya, unakipa intaneti kutoka kwenye simu, na televisheni ya kawaida inaanza kuonyesha kila kitu kilichomo kwenye intaneti. Televisheni nyingine mpya zimetengenezwa na uwezo huo ndani yake.

Jambo lenyewe si geni duniani. Marekani walianza kuuziwa kisanduku cha kuleta intaneti kwenye televisheni mwaka 1996. Kiliitwa WebTV, kilitumia waya wa simu ya mezani, na kampuni ya Microsoft iliinunua biashara hiyo mwaka uliofuata. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2013. Wakati ule picha zilikuja polepole, na mtu alichoka kusubiri kabla macho hayajachoka kutazama. Cha leo hakimsubirishi mtu, maadamu bando lipo.

TOFAUTI AMBAYO HATUKUIONA

Wazazi wengi wanatuambia: "Mbona deki tulikuwa nayo na hakuna aliyelalamika? Hiki nacho ni televisheni tu." Hapo ndipo tunapotofautiana nao.

Kumbukeni CD ilivyokuwa. CD moja ya picha ilibeba dakika 74 hivi, yaani kama saa moja na robo. Ndiyo maana filamu ilikaa kwenye CD mbili, na filamu zetu nyingi ziliuzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Ile ya kwanza ilipokwisha, picha ilikatika. Mtu mmoja alilazimika kuinuka, kubonyeza, kutoa CD, kuifuta kwa kitambaa, na kuweka nyingine. Katika dakika hizo mama alitazama mkekani, akaona wadogo wamesinzia, akasema, "Haya, wabebwe." Baba alitazama saa. Bibi aliaga. Kama sehemu ya pili ilikuwa kwa jirani, basi hadithi iliishia hapo hadi kesho.

Hakuna aliyeitengeneza CD kwa nia ya kutulaza mapema. Iliishia hapo kwa sababu haikuwa na nafasi zaidi. Lakini mwisho wake ulitusaidia sana, nasi hatukujua kwamba unatusaidia.

Kisanduku cha intaneti kimeondoa mwisho huo. Video moja inapokwisha, nyingine huanza yenyewe baada ya sekunde chache, bila mtu kuinuka. Nayo haichaguliwi na mama wala baba. Huchaguliwa na mtambo unaokumbuka mlichotazama jana. Wenye mitambo hiyo hupata fedha kwa matangazo ya biashara, kwa hiyo kadiri mnavyokaa ndivyo wanavyopata. Hawana sababu ya kuwaambia mkalale. Kinachowazima kwa nguvu ni mambo mawili tu: bando kuisha au umeme kukatika. Tumefika mahali ambapo mtoto wa Bariadi analazwa na kampuni ya simu!

Maoni yetu basi ni haya: ubaya hautokani na kioo wala intaneti. Ubaya ni kwamba tumeingiza nyumbani kitu kisicho na mwisho, na hatujamchagua mtu wa kukiwekea mwisho.

MBU HASUBIRI PICHA IISHE

Mbu anayeeneza malaria, yule wa jamii ya Anofelesi, huuma hasa kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, na mara nyingi wingi wake huwa usiku mkubwa. Mtoto aliyelala mkekani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 5 usiku amekaa saa tatu nzima miguu wazi, mlango uko wazi kwa ajili ya joto, na kioo kinawaka. Akishabebwa kupelekwa chini ya chandarua, mbu amekwisha kushiba. Chandarua hakikushindwa kazi. Kilingoja, na mtu wake hakuja.

Kuna jambo jingine linalotuficha ukweli. Homa ya malaria haiji usiku uleule. Tangu mbu aume hadi homa ianze, kwa kawaida hupita siku 7 hadi 14, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo mzazi anapoona mtoto anatetemeka leo, anafikiria maji aliyokunywa jana, au maembe mabichi, au jicho baya la jirani. Hafikirii mkeka wa wiki iliyopita.

Tunawakumbusha dalili za hatari. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyohiyo au inayofuata. Zahanati zina kipimo cha haraka kinachotoa jibu kwa dakika chache. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea na kusinzia isivyo kawaida, au akipata degedege, msisubiri kukuche na msianzie kwa mganga. Degedege si ndege wala shetani, na sindano ya hospitali haimuui mtoto mwenye degedege. Kinachomuua ni kuchelewa.

USINGIZI NI CHAKULA

Mbali na mbu, kuna usingizi wenyewe. Wazee wetu walijua kwamba mtoto hukua akiwa amelala, na sayansi inakubaliana nao, maana homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Unasema mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asikae kabisa mbele ya kioo. Wa mwaka mmoja vivyo hivyo. Wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kuhusu usingizi, mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Wataalamu wa usingizi wa Marekani nao walisema mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12.

Hebu tupige hesabu ya kwetu. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaamka saa 11.30 alfajiri ili achote maji, anawe, na atembee hadi shuleni. Akilala saa 5 usiku amepata saa sita na nusu tu. Ili apate hizo saa 9, inampasa awe amelala saa 2.30 usiku. Walimu wanatuambia kwamba watoto wanasinzia darasani na wengine wanaitwa wavivu. Tunawaomba walimu na wazazi, kabla ya kuchukua fimbo, waulize kwanza televisheni ilizimwa saa ngapi.

"LAKINI NESI..."

Tumewasikia wazazi, na hoja zao si za kupuuzwa.

Mama mmoja alituambia, "Nesi, nikirudi shambani nimechoka, na kuni hazijapasuliwa. Televisheni ndiyo yaya wangu." Tunamwelewa. Nasi tumelea watoto huku tukiingia zamu ya usiku. Hatumwambii asiwashe. Tunamwambia awashe saa 12 jioni anapopika, na azime chakula kinapotengwa. Msaada ameupata, na saa ya mbu bado haijafika.

Mwingine alisema, "Watoto wanajifunza." Ni kweli, wapo wanaojifunza. Katuni za Ubongo Kids, zilizotengenezwa Tanzania na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014, zinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi, na wadogo zaidi wana Akili and Me. Vipindi vya namna hiyo tunavisifu. Lakini mtoto anajifunza akiwa macho na mzazi yupo wa kumuuliza, "Umeona nini?" Mtoto aliyesinzia mkekani saa 4 usiku hajifunzi hesabu yoyote. Tena kipindi kizuri kikiisha, kinachofuata chenyewe kinaweza kuwa cha mapigano au cha aibu, na mama yuko jikoni.

Na akina baba? Tunajua mpira. Mechi kubwa za vilabu vya Ulaya za katikati ya wiki huanza kwetu saa 4 au saa 5 usiku, na huisha saa 6 au saa 7. Baba ana haki ya kuiona timu yake. Lakini mtoto wa miaka mitano si mshabiki. Watoto walazwe kwanza, ndipo mpira uanze, na sauti iwe ya chini. Goli linaweza kushangiliwa bila kuamsha kijiji.

DAKTARI ALIYEMO KISANDUKUNI

Kuna balaa jingine la kisanduku hiki ambalo deki haikuwa nalo. Deki ilionyesha ulichonunua. Kisanduku kinakuletea na daktari usiyemwita.

Tulimtibu mzee mmoja mwenye presha, mtu makini aliyekuwa akija kliniki kila mwezi bila kukosa. Ghafla akapotea miezi mitatu. Aliporudi aliletwa na wanawe, mkono na mguu wa kulia umelegea, maneno hayatoki vizuri. Ni kiharusi. Wanawe walitueleza kwamba mzee alimwona mtu kwenye televisheni, amevaa koti jeupe, anazungumza Kiswahili kizuri, akisema vidonge vya presha vinaharibu figo na kwamba kitunguu saumu na ndimu vinamaliza presha kwa siku chache. Mzee aliamini. Alisema, "Kama ni uongo, wangemruhusuje kwenye televisheni?"

Hapo ndipo ulipo mtego. Sisi watu wazima tumezoea kwamba anayesema kwenye redio au televisheni amepitia mlango fulani: kuna mhariri, kuna kituo chenye leseni, kuna pa kulalamika. Kwenye intaneti yeyote mwenye simu hujirekodi na kuingia sebuleni kwako. Kioo ni kilekile, lakini mlinzi wa mlangoni hayupo.

Presha ya kuanzia 140 kwa 90, ikipimwa mara kwa mara ikabaki hapo, inahitaji matibabu, na kwa wengi dawa ni za kuendelea. Ukijisikia vizuri ni kwa sababu dawa inafanya kazi, si kwa sababu ugonjwa umekwisha. Hivyo hivyo kwa sukari, kifafa, kifua kikuu na dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Ukiona jambo kwenye kisanduku linalokugusa, usiache dawa. Njoo nalo kliniki, tuulize. Hatutakucheka. Ni heri utuulize maswali kumi ya upuuzi kuliko ukae nyumbani na moja la hatari.

KIBETRI KIDOGO

Tukiwa bado sebuleni, tutaje hatari moja ambayo wengi hawaijui. Rimoti ndogo nyembamba za baadhi ya deki na televisheni hutumia betri bapa, ya mviringo, inayong'aa kama sarafu. Mtoto akiimeza inaweza kukwama kooni au kwenye njia ya chakula, na umeme wake huunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto anaweza kuonekana mzima huku anaungua. Ukihisi ameimeza, usimtapishe na usingoje aipate haja kubwa. Mlete hospitali mara moja, na utuambie neno "betri". Rimoti ambayo mfuniko wake umevunjika ifungwe kwa utepe imara au iwekwe mbali na watoto. Na mvua ya radi ikianza, chomoa waya wa umeme na wa antena kabla radi haijakaribia, siyo wakati inapiga.

USHAURI WETU

Baada ya kusema hayo yote, tunazishauri familia mambo yafuatayo:

1. Wekeni saa ya kuzima, na ijulikane na wote. Kwa nyumba yenye watoto wadogo tunapendekeza saa 2 usiku. Siku ya sikukuu inaweza kusogea, lakini siku ya kawaida ibaki kuwa ya kawaida.

2. Mchagueni mtu mmoja wa kuzima. Lililo la wote halina mwenyewe. Awe mtu ambaye hata baba hatambishia.

3. Mtoto anayesinzia abebwe wakati huohuo hadi chini ya chandarua, siyo picha ikiisha. Kama chumba ni kimoja na sebule ndiyo hiyohiyo, chandarua kifungwe pale mtoto anapolala, na televisheni izimwe.

4. Ingieni kwenye mipangilio ya kisanduku mkazime ile sehemu ya kucheza video inayofuata yenyewe. Vijana wenu wanajua ilipo. Waambieni wafanye hivyo leo.

5. Deki zenu msizitupe. Kama bado inafanya kazi, ni chombo kizuri kwa watoto: mnachagua CD moja, mnaitazama pamoja, inakwisha, mnazima. Kama haipo, pakueni vipindi viwili vitatu kwenye flashi mkachomeka kwenye televisheni, bila intaneti. Mtakuwa mmeirudisha ile faida ya zamani, na bando mtakuwa mmeliokoa.

6. Habari za dawa na tiba zilizoonekana kwenye kisanduku zisifuatwe kabla ya kuulizwa zahanati au hospitali.

Hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji mazungumzo ya baba na mama, na pengine hapo ndipo pagumu. Yule mama wa benchini, tulipomweleza, alitikisa kichwa. "Nimeelewa, nesi. Lakini kisanduku kakinunua baba yao kwa pesa ya pamba. Nani atamwambia azime?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwomba aje na mumewe siku ya kumruhusu mtoto, naye akaja, mtu mpole, kofia mkononi. Hatukumgombeza. Tulimwonyesha tu cheti cha mtoto na kumweleza habari za mbu na mkeka. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nilidhani nimewaletea kitu kizuri." Tulimjibu kwamba ni kitu kizuri kweli, ila hakikuja na mwisho wake, na mwisho inabidi autie yeye.

Tunaomba akina baba walisikie hilo. Hakuna anayewapokonya mlichonunua kwa jasho lenu. Mkulima hufungulia maji shambani, na pia huyafunga. Asiyejua kuyafunga hana shamba, ana bwawa.

Kanisa nalo halikuichukia televisheni. Papa Pio XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa sababu inasimuliwa kwamba alipokuwa mgonjwa kitandani aliiona Misa ukutani mwa chumba chake. Tunao wagonjwa na wazee katika kaya zetu ambao hawawezi kufika kigangoni, na kisanduku hiki kinaweza kuwaletea Misa ya Dominika hadi mkekani pao. Ni matumizi mema. Na tuangalie: hata Misa ina mwisho wake, na tunaambiwa twende na amani.

Miezi kadhaa baadaye yule mama alikuja kliniki kumpima uzito mtoto wake mdogo. Yule binti wa degedege alikuwa naye, anaruka ruka uani akimfukuza kuku. Tuliuliza, "Mayu, siku hizi picha inaisha saa ngapi?"

Akacheka. "Saa mbili, nesi. Rimoti tumempa bibi yao. Akishika rozari tu, anazima."

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Muwe na afya njema.